Karti Niliyoichora kwa Rangi ya Kucha ya Mama Yako

Masika, mutoto wangu wa kwanza,

Salamu siandiki, maana uko hapa nyuma ya nyumba, nasikia unakamua nguo na kugombana na kuku. Saa ni tisa ya muchana. Kesho asubuhi lori ya Ariwara itakuchukua, na shangazi yako ameisha kukuambia yote ya safari: mahali pa kuficha pesa, namna ya kujibu askari ku bariere za barabarani, nani wa kumutafuta ukifika. Mimi sitarudia. Niko na neno lingine. Limenikaa kooni miaka miwili, na nisipolisema utaondoka hapa ukimuheshimu mutu ambaye humujui vizuri.

Ni juu ya kifo cha mama yako. Unajua kwamba kule kwenye kituo cha afya alikokuwa muuguzi, mbele ya Gety, watu walifika muchana na bunduki na mapanga, na kwamba hakuna aliyewaonya. Neno hilo, "hakuna aliyewaonya", nililisema mimi siku ya kilio, nikiwa nimekaa pale ku turubai kati ya wajomba zako, na watu wakalishika. Si kweli, Masika. Waliitwa. Mimi mwenyewe niliwaita ku foni ya radio saa nzima. Hawakusikia, na sababu ya kutosikia ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Ulikuwa na miaka kumi na sita, ulikuwa ku masomo, hukuona namna kazi ile ilivyoanza. Acha nikueleze polepole, maana weye ni fundi sasa na utanifuata vizuri kuliko padri yeyote.

Kituo kile kilikuwa na pano za jua kwa ajili ya friji ya chanjo, na batri mbili zilizofungwa pamoja, volti ishirini na ine. Foni yao, ile radio ya kuongea na sisi hapa Bunia, ilitaka duzi tu, volti kumi na mbili. Sanduku dogo lililokuwa linashusha umeme liliungua kwa radi. Papa Dezire, infirmier, muuguzi mukubwa wa pale, alikuja mupaka hapa ku atelye yetu ya ufundi, akakaa ku kile kigoda, akaniambia: "Papa Masika, juu ya nini tusichukue tu ku batri moja? Batri moja iko na duzi, foni inaomba duzi. Kazi imeisha."

Nilimucheka. Nikamueleza kwamba ukinyonya batri moja na kuacha ya pili, ile moja inakufa kabla ya miezi mitatu, na ikikufa friji inalala, na chanjo za watoto zinaoza. Nilikuwa na haki, neno langu lilikuwa kweli. Unajua namna ninavyopenda kuwa na haki mbele ya watu. Nikamuambia: "Rudi kwa wagonjwa wako, mimi nitawatengenezea sanduku la kushinda lile la wazungu."

Nilinunua ku soko alimantasyo ya ordinateri iliyokufa, lile sanduku linaloipa kompyuta umeme, nikang'oa vipande. Bobini, ile koili ya waya, nikaipata humo, na ile sirkwi nyeusi ya miguu kumi na sita, ile weye ukiwa mudogo uliipa jina jongoo. Jongoo ndiye mukubwa wa sanduku zima. Anafungua na kufunga umeme mara maelfu kwa sekunde, na kwa muguu moja anasikiliza ni volti ngapi zinatoka, ili apunguze au aongeze. Muguu huo ni sikio lake. Hayo yote nilikuwa nayajua. Si ujinga ulionishinda.

Kibao chenye shaba cha kuchorea karti, ile ramani ya njia za umeme, kilikuwa kidogo, mabaki yaliyokuja toka Kampala. Kalamu ya kuchorea ilikuwa imekauka. Nikaingia chumbani nikachukua rangi ya kucha ya mama yako, ile nyekundu. Alinikuta nimeinama nachora na kijiti cha kiberiti. Akasimama pale, mikono ku kiuno, akasema: "Papa Masika, hiyo rangi nilinunua ya Pasaka. Sasa nitaenda misa na kucha za mutu wa shamba?" Nikamuambia nitamununulia mbili. Sikununua hata moja.

Na nilichora vizuri, mutoto wangu. Hapo ndipo kosa lilipo. Nilipenda ikae nzuri. Mistari yote ilikwenda sawa sawa, bega kwa bega, hakuna uliokatiza mwingine, kona zote za pembe mraba. Ule mustari wa sikio la jongoo nikauzungusha kando kando ya karti, safari ndefu, ukapita chini ya bobini yenyewe, kwa sababu pale ulikuwa unanyooka. Na masi, ile njia ya kurudisha umeme, nikafanya moja tu, nene, ya kupendeza, umeme mukubwa wa bobini na ule mudogo wa jongoo vikirudia humo pamoja. Nilipoitoa ndani ya asidi iliyokula shaba yote isiyopakwa rangi, na kuisugua, mafundi wa jirani walikuja kuitazama. Moja akauliza kama imetoka Ulaya. Sikumujibu, niliinua tu mabega, na moyoni nilijaa kama puto.

Kuipima, niliipima na ampuli ya taa ya gari. Iliwaka kutoka asubuhi mupaka jioni, haikutetemeka. Ku voltimetri sindano ilisimama pale pale. Foni ilikuwa kule kituoni, ningesafiri siku moja kuipima nayo, au ningeomba ile ya parokia nusu saa tu. Sikuomba. Ampuli haina masikio, Masika. Utaipa umeme muchafu na itakuwakia vizuri kabisa, itakuchekea.

Mama yako alilibeba sanduku yeye mwenyewe, juu ya pikipiki, zamu yake ya majuma mawili ilipofika. Alikuwa amelifunga ndani ya kitenge sawa mutoto. Hivyo ndivyo nilivyomuona mara ya mwisho, lakini sikujua, nilikuwa nabishana na mutu wa pikipiki juu ya bei.

Siku ya pili yake, saa kumi, aliita. Unakumbuka chumba cha foni ku parokia, namna watu walivyokuwa wanapanga mustari na wote wanasikia maneno ya wote. Sauti yake ilikuja: "Papa Masika, hii sanduku yako iko inapiga makelele. Inalia sawa mafuta ku sufuria. Batu ba mbali hatubasikie." Nikajibu ni hewa ya mvua, wapandishe antene. Wakapandisha. Papa Dezire alipanda ku muti na umri wake ule. Kesho yake mama yako akaita tena: makelele ni yale yale.

Siku iliyofuata aliita mara ya tatu, na ninataka ujue alisema nini, maana mama yako hakuwa fundi lakini siku ile alinipita. Akasema: "Tumejaribu ku batri moja, bila sanduku. Makelele imeisha. Tumerudisha ku sanduku, imerudia. Mara tatu tumefanya. Si mvua. Ni sanduku."

Kabla hajaachia kifungo nilijua ana haki. Mutu yeyote anayeshika pasi ya etani ya kuunganishia waya angejua. Kazi ya kutafuta kosa alikuwa ameimaliza kwa ajili yangu. Lakini nyuma yangu kulikuwa na watu kumi na wawili, na kati yao yule fundi aliyeuliza kama karti imetoka Ulaya. Nikashika kipaza sauti nikasema: "Mama Masika, weye endelea na sindano zako, volti uniachie mimi. Na musiguse batri moja tena, mutaniulia batri." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo.

Alibonyeza kifungo tena. Kisha akasema: "Haya. Mi nimesikia. Termine."

Hayo, na ile termine ya kufunga foni, ndiyo maneno ya mwisho ya mama yako kwangu. Miaka kumi na minane ya ndoa, na mimi nikamujibu kwa muzaha wa kuchekesha watu nisiowapenda hata kidogo. Nimeyageuza maneno hayo kila upande nikitafuta kama kulikuwa na hasira ndani yake. Sikupata. Kulikuwa na uchovu tu.

Juma moja likapita. Siku unayoijua, saa tatu asubuhi, derva moja alisimamisha gari ku garaji ya jirani, akasema ameona watu wengi wenye silaha barabarani, wanaelekea upande wa kituo. Nilikimbia mupaka parokia, viatu sikuvaa. Niliwaita. Nilisema jina la kituo, nikasema ondokeni, bebeni wagonjwa, ondokeni sasa. Niliachia kifungo, nikasikiliza. Nikaita tena. Nilimuita mama yako kwa jina lake la usichana, mbele ya watu wote, sikuona haya. Foni nyingine za mbali zilinijibu, hata Aru ilinisikia na ikanisaidia kuita. Kituo hakikujibu.

Baada ya saa moja kijana wa foni pale parokia akaniambia kwa upole: "Papa, ungoje saa kumi. Wale siku hizi wanafungua saa kumi tu."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu hii juma. Mama Masika alisema makelele inasumbua wanawake wanaozaa ku materniti, ukuta ni moja. Akasema watakuwa wanaizima mupaka saa ya kuongea."

Unaelewa, Masika? Walikuwa na dawa mikononi. Batri moja, waya mbili, na foni ingebaki wazi siku nzima, kimya, inasikia kila kitu. Hawakuigusa kwa sababu mimi nilikataza. Walinitii. Watu wale walifika kituoni karibu saa saba ya muchana. Kutoka saa tatu mupaka saa saba, mutu anatembea mbali sana, hata akibeba mugonjwa.

Papa Dezire alifika Bunia baada ya siku nane kwa muguu. Weye ulimupikia uji, ulifikiri amekuja kutoa pole. Alikuja na mufuko, na ndani ya mufuko kulikuwa sanduku langu. Foni wale wenye silaha waliichukua, pano walichukua, hili walilitupa ku majani kwa sababu hawakujua ni kitu gani. Akaniambia: "Nimekurudishia kitu yako." Hakusema neno la lawama, mupaka leo hajasema. Nilimuuliza juu ya mama yako. Akaniambia kulikuwa na mwanamke kwenye uchungu wa kuzaa, hawezi kukimbia, na Mama Masika alikataa kumuacha peke yake. Kisha akatazama chini akasema: "Tungejua mapema, tungemubeba na kitanda chake." Alisema hivyo tu, kama mutu anayehesabu kazi ya siku.

Sasa utakumbuka siku ile niliyokuita kutoka jikoni nikakupa ile radio ndogo ya kusikilizia habari, nikakuambia uishike karibu na sanduku na kuizungusha polepole. Ulifikiri nakuanzisha kazi. Ulifurahi, na tangu kilio nilikuwa sijakuona ukifurahi. Uliipitisha juu ya karti, na ilipofika kwenye ule mustari wangu muzuri uliopita chini ya bobini, radio ikalia mupaka ukaitoa haraka. Ukasema: "Papa, ni hapa." Uliliona kwa dakika tano.

Nilikata ule mustari na wembe wa jileti. Nikachukua waya mufupi kuliko kidole changu kidogo, nikatoa sikio la jongoo moja kwa moja ku kondansateri ya mwisho, kile kipande kinachotuliza umeme unaotoka, mbali na bobini. Masi nikaipasua mara mbili, umeme mukubwa na njia yake, jongoo na yake, zikutane mahali pamoja tu. Kondansateri ndogo ya jongoo nikaing'oa kule nilikoipanga kwa urembo, nikaibandika ku miguu yake kabisa. Karti ikawa na makovu kila upande, waya zinapita juu juu, mbaya ya kutazama. Ukawasha. Radio ikanyamaza karibu yote, tukasikia mutu anasoma habari kwa Kifaransa, kila neno.

Kazi ya saa mbili. Nilitazama saa. Ukaniuliza, "Papa, uko unalia?" Nikakuambia ni moshi wa etani.

Hukuniuliza tena, na mimi nilianza kukufundisha siku ile ile, kwa ukali ambao umeucheka miaka hii miwili. Unawaambia wateja kwamba baba yako anamuhurumia mwizi kuliko mustari wa sikio unaopita karibu na bobini. Ulipotengeneza alimantasyo yako ya kwanza, nikakataa isitoke humu ndani mupaka tuipime na foni yenyewe, na tukabeba batri kichwani mupaka parokia chini ya jua, ulinuna siku mbili. Ulikuwa hujui ninamubishia nani.

Na nimekuonea wivu, nikuambie hilo pia. Ninaona mutu anakuja kulalamika kwamba radio uliyotengeneza inakoroma, na weye unavuta kigoda, unasema, "Nieleze, inaanza saa ngapi? Ukizima nini inaacha?" Husemi ni mvua. Sikukufundisha hivyo mimi. Mama yako alikuwa anawauliza wagonjwa namna hiyo hiyo, saa ngapi, ukila nini, ukilala upande gani. Mimi niliishi ndani ya nyumba moja na mutu mwenye kujua kusikiliza, sikujifunza kitu.

Kule Ariwara yule muzee wa pano za jua unayekwenda kumutafuta atakupa kazi ya kutengeneza masanduku ya foni kwa vituo vya mupakani. Ndiyo sababu siwezi kunyamaza. Watu watakusifu, maana mikono yako ni mizuri kuliko yangu, na karti zako zinapendeza. Siku moja mutu asiyejua volti, mama wa sindano, derva, mutu wa kanisa, atakuambia mbele ya watu kwamba kazi yako ina makelele. Utasikia damu inapanda ku uso. Mimi najua vizuri inavyopanda. Sina la kukuambia juu ya hapo, ila kwamba mimi nilikuwa na sekunde tano za kusema "lete niangalie", na nilizitumia vingine, na hazirudi.

Nimeomba Mungu anisamehe, na padri amenipa maneno yake, na ninaamini, nikiwa kanisani. Nikirudi hapa ku meza siamini tena. Yule ambaye ningepaswa kumuomba hayuko. Umebaki weye, na weye nimekuwa ninakula ugali wako kila siku kama mutu asiye na kitu.

Umeingia sasa hivi kuchukua sabuni. Umesimama nyuma ya bega langu, nikafunika karatasi na kiganja, ukauliza, "Papa, unaandika nini hivyo, jasho linakutoka?" Nikasema ni liste ya vipande vya kukupa. Ukacheka, ukasema, "Basi usisahau kondansateri kubwa, Ariwara zinauzwa za uongo." Na ukatoka. Umeona? Niko naandika ukweli na mukono moja, na kinywa kinakudanganya.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute Ariwara, siku tatu mbali na uso wangu. Nimebadili. Nitakuita sasa, jua likiwa bado juu. Utakuja na mikono yenye povu, utaifuta ku kitenge, nitakupa karatasi hizi, na nitakaa ku kigoda changu mupaka umalize. Ukitaka kupiga kelele, piga, jirani wasikie. Ukikataa nisikusindikize ku lori, nitabaki nyumbani. Ukinyamaza, nitanyamaza pamoja nawe mupaka usiku.

Lakini weye una roho ya mama yako, najua utataka kunifariji, utaanza kusema kwamba si kosa langu, ni vita. Hilo usiniambie, Masika. Yote mengine niambie, hilo tu hapana.

Papa yako